Ofisi Mbili, Anwani Moja

Karatasi zile zilitufikia kwa makosa. Ilikuwa mwaka 2019, yapata saa nne za asubuhi, nasi tulikuwa tumeketi kwenye benchi la wageni katika jengo la ofisi moja ya malipo, kamera begani na daftari mkononi, tukingoja kuitwa ghorofani tupige picha za uzinduzi. Karani kijana aliyekuwa akipita karibu na ngazi aliona mashine ya kuchapisha inatoa karatasi, akazikusanya, na kwa kuwa alituona tuna daftari alidhani ndiyo taarifa yetu ya magazeti. Akatuletea kwa heshima zote. Tulipoutazama ukurasa wa kwanza tulikuta majina ya wajane wa askari, namba za jeshi za waume zao marehemu, idadi ya mayatima katika kila nyumba, na fedha ambazo kila mmoja wao alistahili kulipwa mwezi ule.

Tulizigeuza kifudifudi juu ya magoti yetu na kumwita ofisa wa zamu. Wakati huohuo, ghorofani, makofi yalikuwa yakipigwa.

Ndugu msomaji, hatutaitaja ofisi ile, wala tawi lake la kaskazini, wala mkandarasi aliyeziweka mashine. Yatosha kusema kwamba makofi yale yalikuwa ya kusherehekea jambo jema. Kwa miaka mingi orodha za malipo zilikuwa zikisafirishwa kwa gari kutoka makao makuu hadi tawini, zaidi ya kilomita 300, kwa njia ipitayo Luwero na kuvuka mto Nile katika daraja la Karuma. Gari likiharibika njiani, wajane walilala nje ya ofisi ya tawi siku mbili, tatu, na muhula wa shule ulifunguliwa ilhali karo haijalipwa. Siku ile ndipo orodha ya kwanza ilipokuwa ipelekwe kwa njia ya siri ya VPN, yaani handaki linalochimbwa ndani ya intaneti ya watu wote, ambamo kila kinachopita hufungwa kwa ufunguo usiojulikana ila kwa ncha zake mbili.

Taa ya kijani ya handaki iliwaka. Mkuu wa ofisi akabonyeza kitufe cha kuchapisha, akiwa ameichagua mashine ya tawi. Wakapiga makofi. Kule tawini, mhasibu na wenzake waliikodolea macho mashine yao ambayo haikutikisika hata kidogo. Orodha ilikuwa imetoka huku huku makao makuu, chini ngazini, mahali wanapoketi wageni.

Taa haikusema uongo

Jambo la kwanza lililosemwa baada ya hapo ni kwamba kampuni ya simu imefanya uzembe. Jambo la pili ni kwamba ufunguo wa handaki una kasoro, ukabadilishwa mara mbili. Jambo la tatu lilisemwa na mwakilishi wa wauzaji aliyekuwapo, kwamba ruta ni ndogo na yafaa inunuliwe kubwa zaidi. Hadi saa saba mchana handaki lilikuwa limebomolewa na kujengwa upya mara nne, na kila mara taa ya kijani iliwaka bila wasiwasi, na kila mara hakuna kilichofika kaskazini.

Alasiri aliitwa fundi wa mawasiliano, sajini mmoja wa kike ambaye siku ile alikuwa kazini upande mwingine wa mji. Hakugusa ruta. Aliuliza swali moja tu: "Afande, anwani za huku na anwani za kule zimeandikwa katika daftari gani?"

Daftari halikuwapo. Kila upande uliulizwa kwa simu, na kila upande ukajibu namba ileile.

Hapa hatuna budi kusimama kidogo tueleze anwani hizi ni nini, maana bila hivyo kisa kizima hakieleweki. Kila kompyuta, mashine ya kuchapisha au simu iliyo katika mtandao hupewa namba iitwayo anwani ya IP, ambayo huandikwa kwa mafungu manne yaliyotenganishwa kwa nukta, kila fungu likiwa kati ya 0 na 255. Utaratibu huu uliandikwa rasmi Septemba 1981, nao una nafasi ya anwani 4,294,967,296. Zama zile kompyuta zilikuwa chache, na idadi hiyo ilionekana kama maji ya ziwa. Lakini ziwa lilikauka. Tarehe 3 Februari 2011 mafungu ya mwisho yaliyobaki katika ghala kuu la dunia yaligawiwa mashirika matano ya kanda, pamoja na AFRINIC lenye makao yake Mauritius, ambalo ndilo linaloihudumia Afrika.

Upungufu huo ulikuwa umetabiriwa mapema. Mwezi Februari 1996 ulitolewa waraka ujulikanao kama RFC 1918, ambao ulitenga maeneo matatu ya anwani yasiyokuwa na mwenyewe: lile linaloanza na 10, lenye anwani 16,777,216, lile la kati ya 172.16 na 172.31, lenye anwani 1,048,576. Na lile la 192.168, lenye anwani 65,536. Mtu yeyote, popote duniani, aweza kuyatumia ndani ya nyumba au ofisi yake pasipo kuomba ruhusa. Sharti ni moja, kwamba anwani hizo zisionekane nje. Zikitaka kutoka kwenda katika intaneti, ruta ya mlangoni huzivua jina lao na kuzivika jina la nje, kazi ambayo mafundi huiita NAT.

Mfano wake ni namba za vyumba katika kambi. Kambi zote zina chumba namba 5, wala hakuna ugomvi, kwa sababu barua ikitoka nje huandikwa jina la kambi kwanza. Ugomvi huanza siku mbili za kambi hizo zinapovunja ukuta ulio katikati yao na kuwa kambi moja. Hapo mpelekaji barua akiambiwa "peleka chumba namba 5", atakwenda kile kilicho karibu naye.

Laiti watu wangetawanyika katika maeneo yale matatu, migongano ingekuwa nadra. Lakini sivyo watu walivyo. Watengenezaji wa ruta za nyumbani walichagua namba nyepesi kukumbuka, nazo aghalabu ni 192.168.0 au 192.168.1, na fundi aliyekuja kufunga mtandao akaziacha kama alivyozikuta. Katika ofisi zetu mbili kulikuwa na jambo la ziada: mkandarasi aliyefunga makao makuu ndiye aliyefunga tawi, na alifuata karatasi yake ileile ya maelekezo. Kwa hiyo mitaa miwili ya anwani, ile ambayo mafundi huiita sabuneti, ilikuwa mmoja: 192.168.1, na mashine ya kuchapisha ya kila ofisi ilikuwa namba 50. (Namba tunazotoa katika makala haya ni za mfano. Zile zilizotumika hazitachapishwa gazetini, na mhariri asituulize.)

Kompyuta haipandi mlima pasipo sababu

Kompyuta inapotaka kupeleka kitu hujiuliza kwanza: je, anwani hii iko katika mtaa wangu, au nje yake? Hujibu swali hilo kwa kulinganisha anwani yake na ile inayotafutwa kwa kutumia kipimo kiitwacho maski. Maski ya 255.255.255.0 husema kwamba mafungu matatu ya mwanzo ndiyo jina la mtaa na fungu la nne ndilo namba ya nyumba. Mafungu matatu yakifanana, kompyuta huamini kwamba jirani yake yupo palepale. Haitaipa ruta kazi hiyo. Huita kwa sauti katika mtaa wake: "Nani mwenye 192.168.1.50?" Wito huu huitwa ARP, nao uliandikwa Novemba 1982. Mwenye namba hiyo akiitika, hupelekewa mzigo moja kwa moja. Asipokuwapo wa kuitika, mzigo hufa hapohapo.

Basi kompyuta ya mkuu wa ofisi, yenye anwani 192.168.1.20, ilipoambiwa ipeleke orodha kwa 192.168.1.50, haikuwa na sababu yoyote ya kufikiria kaskazini. Iliita mtaani, mashine ya ngazini ikaitika, orodha ikatoka. Handaki lilikuwa wazi na salama, mlango wake umefunguliwa, taa yake inawaka. Hakuna mtu aliyeingia ndani.

Kosa hili lina sura mbili, na la kusikitisha ni kwamba ile yenye hatari zaidi haionekani kuwa kosa. Sura ya kwanza ni pale anwani inayotafutwa haipo katika mtaa wa karibu. Mtumiaji huona ujumbe kwamba mahali hapo hapafikiki, hukasirika, humwita fundi. Sura ya pili ni ile tuliyoishuhudia, ambapo anwani ipo pande zote mbili, na kitu cha siri hufika kwa mwingine aliyeitika kwa jina lisilo lake peke yake. Mashine haitoi onyo. Kama karani yule angekuwa mvivu, au kama kwenye lile benchi pangeketi mtu mwingine badala yetu, majina ya wajane pamoja na fedha zao yangetoka mlangoni.

Sajini alivyofanya uchunguzi

Tuliomba ruhusa ya kubaki na kutazama, tukapewa. Picha za uzinduzi zilikuwa zimekwisha kuharibika hata hivyo.

Sajini aliketi mbele ya kompyuta ya mkuu wa ofisi na kuandika amri ya ping kwa namba 50. Ping ni programu ndogo inayopeleka pakiti moja ya kuuliza "upo?" na kupima muda wa jibu. Iliandikwa Desemba 1983 na Mike Muuss, mtumishi wa maabara ya utafiti ya Jeshi la nchi kavu la Marekani, naye aliipa jina la ule mlio ambao nyambizi hutumia kupima umbali baharini. Sisi wa jeshi hatukuacha kufurahia habari hiyo.

Jibu lilirudi mara nne kati ya nne. Mkuu wa ofisi akasema, "Si unaona? Tawi linajibu." Sajini akamwonyesha muda ulioandikwa mwishoni mwa mstari: chini ya milisekunde 1.

"Afande, kule ni mbali," akasema.

Ikabidi atufafanulie. Mwanga ndani ya waya wa kioo husafiri yapata kilomita 200,000 kwa sekunde, yaani kilomita 200 kwa milisekunde moja. Kwenda kilomita 300 na kurudi ni kilomita 600. Hata kama ruta zote zilizo njiani zingefanya kazi pasipo kupumzika, na hata kama waya ungenyooka kama mshale, jibu lisingeweza kurudi kabla ya milisekunde 3. Kwa hiyo aliyejibu hakuwa kaskazini. Tangu siku ile tumekuwa tukitazama muda wa jibu kabla ya kutazama jibu lenyewe.

Akaendelea. Amri ya tracert, ambayo huonyesha kila ruta ambayo pakiti inapitia, ilitoa mstari mmoja tu: mashine yenyewe, bila lango la ruta wala handaki. Kisha akaandika arp -a, ikatokea orodha ya majirani waliokwisha kuitika mtaani, kila mmoja na anwani yake ya kiwandani yenye herufi na tarakimu 12. Akainakili ile ya namba 50 kwenye kiganja chake kwa kalamu, akashuka ngazi, akaigeuza mashine ya kuchapisha na kusoma kibandiko kilicho mgongoni mwake. Zilikuwa zilezile. Akaichomoa mashine katika umeme, akapanda tena, akarudia ping. Safari hii jibu lilikuwa kwamba mahali hapo hapafikiki, na mtoa jibu alikuwa kompyuta ileile iliyouliza.

Mwisho alikwenda kwenye ruta na kutazama kinachoingia mdomoni mwa handaki wakati ping inapigwa. Hakikuingia kitu. Kazi hii yote haikumaliza dakika ishirini, na hakuna ufunguo uliobadilishwa. Tunalisema hili kwa makusudi, kwani katika saa tatu za asubuhi watu wanne walikuwa wamekarabati kitu kisichokuwa na ubovu.

Twapaswa pia kusema kwamba uchunguzi wake ulifuata mpangilio wenye maana. Kama pakiti zingeonekana zikiingia katika handaki na kutoka upande wa pili, basi tatizo lingetafutwa tawini: labda ukuta wa ulinzi wa kule unazikataa, au mashine ya kule haijui njia ya kurudishia jibu. Kama zingeingia na zisitoke, tatizo lingekuwa ndani ya handaki lenyewe. Hazikuingia kabisa, kwa hiyo tatizo lilikuwa kabla ya handaki.

Dawa zake

Dawa ya kweli ni moja, nayo ni kuubadilisha mtaa mmoja namba. Ofisi moja ibaki 192.168.1, nyingine ihamie, tuseme, 10.62.14. Fundi yeyote mwaminifu atakuambia hivyo kwanza. Sajini alisema hivyo kwanza. Mhasibu wa tawi, kwa simu, alikataa: mashine za kule zilikuwa zaidi ya thelathini, nyingine zimeandikwa anwani kwa mkono, programu ya malipo ilikuwa na anwani ya seva yake ndani ya faili la maandalizi, na wajane walikuwa wanakuja Jumatatu. Siku ile ilikuwa Alhamisi.

Ikaamuliwa kwamba kuhama kutafanyika baadaye, na kwa wakati huo itumike dawa ya kutuliza maumivu. Mafundi huiita NAT ya moja kwa moja, yaani kila anwani hupewa jina la bandia moja, na namba ya mwisho haibadiliki. Makao makuu yakaitwa 10.201.1 mbele ya tawi, na tawi likaitwa 10.202.1 mbele ya makao makuu. Ndani ya nyumba zao kila mmoja alibaki na jina lake la zamani.

Tufuate safari ya karatasi moja. Kompyuta 192.168.1.20 ya makao makuu sasa haiulizi tena 192.168.1.50, inauliza 10.202.1.50. Mafungu ya mwanzo hayafanani na yake, kwa hiyo inaikabidhi ruta. Ruta ya makao makuu huliondoa jina la mpelekaji, 192.168.1.20, na kuliweka 10.201.1.20, kisha huufunga mzigo kwa ufunguo na kuuingiza katika handaki. Ruta ya tawi huufungua, hulibadilisha jina la mpelekewa kutoka 10.202.1.50 kuwa 192.168.1.50, na kuukabidhi kwa mashine. Mashine ikitaka kujibu huona kwamba aliyeiandikia ni 10.201.1.20, mgeni wa nje ya mtaa, nayo huipa ruta yake jibu. Kurudi ni yaleyale kinyumenyume. Ruta zote mbili hazina budi kufanya kazi hii. Ukibadilisha jina la mpelekewa tu na kuliacha la mpelekaji, mashine ya tawi itadhani imeandikiwa na jirani wa mtaani, itaita mtaani kwake, na jibu halitarudi kamwe.

Ilipofungwa mara ya kwanza haikufanya kazi. Sababu ilikuwa kwamba katika maelezo ya handaki, mahali panapotajwa mitaa gani inaruhusiwa kupita, yalikuwa yamebaki majina ya zamani. Pakiti zilipofika mlangoni zilikuwa zimekwisha kuvishwa majina mapya, mlinzi akatazama orodha yake, hakuyaona, akazikataa. Majina mapya yakaandikwa pande zote mbili, handaki likapitisha.

Saa kumi na moja na nusu jioni ukurasa wa majaribio, usiokuwa na jina la mtu, ulitoka kaskazini. Muda wa ping ulikuwa milisekunde 19. Mkuu wa ofisi alicheka peke yake alipouona.

Hata hivyo dawa hii ina uchungu wake. Kesho yake watu wa makao makuu walioita seva ya tawi kwa jina, badala ya namba, hawakuipata, kwa sababu daftari la majina liliendelea kuwajibu 192.168.1. Likarekebishwa, lakini kwa upande wa makao makuu tu, maana tawini jina lile lilipaswa kubaki na jibu la zamani. Simu za mezani zinazopita katika mtandao ziliita vizuri lakini sauti ilisikika upande mmoja, kwani simu za aina hiyo huandika anwani zao ndani ya maneno ya mazungumzo ya kuanzishia simu, na ruta iliyobadilisha bahasha haikuigusa barua iliyomo ndani. Na tangu siku ile, kila anayesoma kumbukumbu za ruta sharti akumbuke kwamba nyumba moja ina majina mawili. Fundi mgeni akija usiku wakati wa dharura, hilo halitamrahisishia kazi.

Mwaka wa kufanyia kazi nyumbani

Mwaka 2020, ugonjwa wa korona ulipowafungia watu majumbani, maofisa wengi walipewa VPN katika kompyuta zao za mkononi. Hapo kisa chetu kilirudi kwa wingi. Mke wa ofisa amenunua ruta dukani, ruta imegawa 192.168.1, na seva ya ofisi nayo iko 192.168.1. Ofisa mmoja alitupigia simu akilalamika kwamba akifungua ukurasa wa seva ya ofisi anaona picha ya kamera ya mlango wa nyumbani kwake. Tulijikaza tusicheke, akajua.

Wengi walishauriana kwamba dawa ni kulazimisha mawasiliano yote yapite handakini. Ushauri huo hausaidii daima. Kompyuta yenye njia mbili za kwenda mahali pamoja huchagua iliyotajwa kwa usahihi zaidi: njia ya "kila mahali kupitia handaki" hushindwa na njia ya "mtaa huu uko hapahapa". Kinachoweza kuishinda ni njia iliyo sahihi zaidi ya hiyo, inayotaja nyumba moja tu, ambayo mafundi huiandika kwa alama ya /32. Ukiambia kompyuta kwamba 192.168.1.10, hiyo tu na si nyingine, ipo ndani ya handaki, itatii, na seva ya ofisi itafikika. Lakini usilifanye hivyo kwa namba ya ruta ya nyumbani, ambayo mara nyingi ni 192.168.1.1. Handaki lenyewe hutembea juu ya ruta hiyo. Ukiipeleka ndani ya handaki, handaki litakuwa linajipitia lenyewe, na litakatika papo hapo.

Kwa anayeanzisha ofisi mpya, njia rahisi ni kuyaepuka mapema maeneo yanayopendwa na wengi: 192.168.0 na 192.168.1 za ruta za madukani, 172.20.10 ambayo simu za iPhone huigawa zinapotoa intaneti kwa wengine, 192.168.137 ya Windows inapofanya kazi hiyohiyo, na 172.17 ambayo programu ya Docker hujichukulia katika seva pasipo kumwuliza mwenye seva, hata fundi akahangaika akidhani tatizo liko barabarani kumbe liko ndani ya seva yenyewe. Achague mtaa usio na mvuto katika eneo kubwa la 10, na auandike mahali.

Wapo wasemao kwamba yote haya yataondoka IPv6 ikienea, na kwa nadharia wana haki. Hata anwani zake za ndani, zilizowekwa utaratibu Oktoba 2005, humtaka mwenye mtandao achague jina la mtaa wake kwa bahati nasibu ya biti 40, yaani moja kati ya majina 1,099,511,627,776. Ofisi mbili kuangukia jina moja hapo ni jambo la kusimuliwa. Lakini mashine ya kuchapisha ya ngazini ilikuwa kuukuu, na IPv6 haikuijua.

Tawi la kaskazini lilihama namba miezi mitano baadaye, kuanzia Ijumaa jioni hadi Jumapili usiku. Sajini alikwenda mwenyewe, kwa basi, akiwa na daftari la kurasa mia mbili lenye jalada gumu. Alizunguka chumba hadi chumba akiandika kila mashine, kibandiko chake, anwani yake ya zamani na anwani yake mpya. Mashine zilikuwa arobaini na moja, siyo thelathini na kitu kama mhasibu alivyodhani. Mojawapo ilikutwa ndani ya kabati, inafanya kazi, na hakuna aliyejua ni ya nani. Majina ya bandia yaliondolewa, simu za mezani zikapata sauti pande zote mbili, na orodha ya wajane ya mwezi uliofuata ikatoka tawini saa mbili za asubuhi, ikakabidhiwa mhasibu mkononi.

Mashine ya ngazini ilihamishiwa ndani ya chumba chenye kufuli. Benchi la wageni lipo palepale. Tulipopita mara ya mwisho, sajini alikuwa kwenye simu na ofisi ya tatu iliyotaka kuunganishwa, daftari limefunguliwa mbele yake na kalamu iko tayari. Aliuliza swali lake, akasikiliza, akafumba macho kidogo, kisha akaandika: 192.168.1.